R, Python au Galaxy: mwanabiolojia wa Mombasa aanze na lipi?

Jumamosi moja baada ya alasiri, binti wa jirani yangu hapa Tudor alibisha hodi na laptopu kwapani. Ana shahada ya biolojia, amepata kazi ya mkataba kwenye maabara, na mkubwa wake amemkabidhi diski yenye mafaili ya DNA iliyochujwa kutoka chupa 40 za maji: 36 za bahari na 4 za maji yaliyosafishwa, za kuhakikisha hakuna DNA ya nje iliyoingia wakati wa kazi.

"Dada, nimeambiwa nijifunze bayoinfomatiki, kuchambua data ya biolojia kwa kompyuta. Huyu aniambia lugha ya kompyuta ya Python, yule aniambia R, mwingine asema kuna tovuti ya kubofya tu, huandiki hata herufi. Nishike lipi?"

"Hayo mafaili wataka yakwambie nini?"

Alifikiri kidogo. "Nataka kujua ni samaki gani waliopita kwenye yale maji, na kama upande wa mikoko watofautiana na upande wa matumbawe."

Karibu yote niliyomshauri jioni ile yalitokana na jibu lake hilo. Nayaandika hapa kwa sababu swali lake naulizwa mara nyingi, na kwa sababu mimi mwenyewe nilipoanza nililijibu vibaya. Nililipia kozi ya mtandaoni ya Python, nikajifunza kuandika mchezo wa kubahatisha namba na kikokotoo cha riba ya mkopo. Baada ya wiki saba sikuwa nimegusa hata herufi moja ya DNA. Nikaamini kwamba mambo haya ni ya waliosomea kompyuta, nikayaacha kwa mwaka mzima. Nilirudi siku nilipokuwa na mafaili yangu mwenyewe na swali ambalo halikuniacha nilale, na safari hiyo mambo yakaingia.

Kwa hiyo ulinganisho huu haupimi lugha ipi ni bora duniani. Unapima ipi itakufikisha upesi kwenye jibu la swali ulilo nalo, ukiwa Mombasa, na laptopu uliyo nayo, na stima tunayoijua.

Kwanza, kilichomo ndani ya faili

Watu huogopa kitu wasichokiona, basi tukifungue. Mashine ya kusoma DNA hutoa faili la maandishi matupu liitwalo FASTQ. Kila kipande kilichosomwa kina mistari minne: jina lake, herufi zake za A, C, G na T, alama ya kujumlisha, kisha mstari wa alama ambao ukiutazama mara ya kwanza utadhani faili limeharibika. Mstari huo wa nne ndio wenye thamani kubwa, maana unaeleza mashine iliamini kila herufi kwa kiasi gani. Ubora wa 20 maana yake ni uwezekano wa kosa 1 katika 100. Ubora wa 30 ni kosa 1 katika 1,000.

Kwa nini usifungue kwa Excel tu? Excel huishia safu 1,048,576. Kwa mistari minne kila kipande, hiyo ni vipande 262,144, na sampuli moja tu yaweza kuwa na mamilioni. Hata orodha fupi ya jeni haiko salama humo: kwa miaka mingi Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe za Septemba na Machi. Utafiti wa 2016 ulikuta kosa la namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni za Excel, na mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikalazimika kuyabadili yawe SEPTIN2 na MARCHF1.

Galaxy: kubofya, na kuona njia nzima

Ile tovuti ya kubofya ni Galaxy. Mradi wake ulianza 2005 katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na leo una seva kubwa za umma Marekani, Ulaya na Australia. Ni bure. Unajisajili, unapakia mafaili, upande wa kushoto unachagua programu, upande wa kulia unaona historia ya kila ulichokifanya: programu gani, toleo gani, mipangilio gani. Mwanabiolojia aliyezoea daftari la maabara ataielewa historia hiyo siku ya kwanza.

Faida yake kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna cha kusakinisha. Wanaoanza wengi ninaowajua hawakushindwa na sayansi. Walishindwa na usakinishaji: programu moja yataka toleo hili, nyingine yataka lile, usiku umekwisha na data haijaguswa. Galaxy inakuvusha hapo. Pia ina mkusanyiko mkubwa wa masomo ya bure yenye data za mazoezi, kuanzia kukagua ubora wa FASTQ hadi kulinganisha jeni zinazofanya kazi katika hali mbili tofauti. Mimi husema: hata kama umeshaamua utajifunza R, pita Galaxy wiki moja kwanza. Utaiona safari yote kutoka data ghafi hadi grafu kabla hujaanza kuhangaika na mabano na alama za nukta.

Udhaifu wake kwetu ni wa namna tatu, na wa kwanza ni upakiaji. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, faili la gigabaiti 5 huchukua zaidi ya saa mbili, na mtandao ukikatika katikati huenda ukaanza upya. Hapa kuna jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema: kama data iko tayari kwenye hifadhi ya umma, kama ile ya Ulaya iitwayo ENA, usiipakue kwenye laptopu kisha uipandishe tena. Mpe Galaxy namba ya utambulisho wa data au anwani yake, ataivuta mwenyewe kutoka seva hadi seva. Bando lako haliguswi.

Wa pili ni foleni. Hizo ni mashine za umma, na kuna siku kazi yako itasubiri.

Wa tatu ni wa sheria, nao si mdogo. Ukiwa na data ya DNA ya wagonjwa, kuipandisha kwenye seva iliyo nje ya nchi ni kupeleka taarifa za watu mahali ambapo huenda hawakuridhia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu data ya jenetiki kuwa taarifa nyeti. Samaki hawatakushtaki, lakini kwa binadamu soma kibali chako cha maadili kabla hujagusa kitufe cha kupakia.

Teminali: haikwepeki, ila si ndefu

Lile dirisha jeusi la kuandika amri huwatisha watu kuliko linavyostahili. Kwa kuanzia unahitaji amri zisizozidi kumi na tano: kuingia kwenye folda, kuorodhesha, kutazama mwanzo wa faili, kutafuta neno, kuhesabu mistari. Nusu saa kila siku kwa wiki mbili inatosha. Mwenye Windows asakinishe WSL, ambayo ni Linux ndani ya Windows; mwenye Mac anayo tayari.

Sikuiweka kwenye mashindano na R au Python kwa sababu utaihitaji vyovyote utakavyochagua. Programu nyingi za kazi nzito, kama BWA ya kupanga vipande juu ya jenomu (DNA nzima ya kiumbe) na samtools ya kushughulikia matokeo yake, huendeshwa hapo.

Lakini sikiza onyo langu, maana liliniuma. Katika faili la FASTA, lenye herufi za DNA bila alama za ubora, kila mfuatano wa herufi huanza na alama ya >. Ili kujua una mifuatano mingapi, unaandika grep -c '>' kisha jina la faili. Siku moja nilisahau zile alama za kunukuu. Bila hizo, teminali huielewa ile > kuwa ni agizo la kuandika juu ya faili, na faili langu la mifuatano likawa tupu kwa chini ya sekunde moja. Hakuna pipa la taka la kwenda kuchakura. Nilikuwa na nakala ya wiki tatu nyuma, na kazi ya wiki tatu ikaenda. Tangu hapo data ghafi nikiipokea huifanyia mambo mawili kabla ya mengine yote: naweka nakala kwenye diski nyingine, kisha naifunga isiandikike kwa chmod 444.

R na Python, bega kwa bega

Hapa ndipo watu wanapogombana, na hapa ndipo nitakaa.

R ilizaliwa Auckland, New Zealand, mikononi mwa wanatakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo lake la 1.0.0 likatoka 2000. Python ilitolewa mara ya kwanza 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi, kama lugha ya matumizi ya jumla. Asili hizo mbili bado zinaonekana hadi leo. R inadhani una jedwali na unataka kujua kama tofauti unayoiona ni ya kweli. Python inadhani una kazi ndefu ya kurudiarudia na unataka mashine ikufanyie.

Chukua siku ya kawaida ya mwanaikolojia. Una jedwali: safu ni vituo, nguzo ni spishi, ndani ni idadi. Unataka kujua kama jamii ya viumbe wa mikoko inatofautiana na ya matumbawe, na unataka grafu ya kuweka kwenye tasnifu. Katika R unafungua RStudio, programu ya kuandikia R, unasoma jedwali, pakeji (fungu la msimbo ulio tayari) iitwayo vegan inafanya majaribio ya takwimu za ikolojia, ggplot2 inachora. Mistari kumi au kumi na miwili. Python inaweza kazi hiyo pia, ila vipimo vingi utavitafuta huku na huko, na mifano ya makala za ikolojia utakayotaka kuifuata mara nyingi imeandikwa kwa R.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayepima jeni zipi zimewaka na zipi zimezima. Pakeji zinazotumiwa zaidi, DESeq2 na edgeR, ziko kwenye Bioconductor, mkusanyiko wa R ulioanza 2001. Jambo ninalolipenda huko ni maelezo: kila pakeji ya Bioconductor hulazimika kuja na mwongozo wenye mfano kamili, msimbo na matokeo pamoja. Kwa anayejisomea peke yake usiku, hiyo ni sawa na kuwa na mwalimu pembeni.

Sasa geuza kazi. Una mafaili 600 ya mifuatano ya virusi, kila moja na jina lake la kishenzi, unataka kuyapanga upya, kutoa kipande fulani katika kila faili, kuyatuma kwenye programu tatu zinazofuatana na kukusanya majibu. Hapo Python hutulia mkononi. Biopython husoma aina nyingi za mafaili ya mifuatano, na Snakemake, iliyojengwa juu ya Python, huunganisha hatua zako hata ikikatika katikati ujue pa kuendelea. Anayetaka kuelekea kujifunza kwa mashine au kutabiri maumbo ya protini pia atakuta njia imetandikwa Python. Na kuna faida moja ya mfukoni: Google Colab hukupa Python ndani ya kivinjari, ikiendeshwa kwenye mashine zao bila malipo, kwa hiyo hata laptopu dhaifu inakufikisha.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo huwaumiza wanabiolojia hasa, na sijaona ikielezwa vizuri. R huanza kuhesabu kwa 1. Python huanza kwa 0. Ukitaka kodoni ya kwanza ya mfuatano, yaani herufi tatu za mwanzo, katika R unaandika substr(mfuatano, 1, 3). Katika Python unaandika mfuatano[0:3].

Fikiria jeli ya maabara. R huhesabu visima vyenyewe: kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Python huhesabu kuta zilizo kati ya visima: ukuta wa 0 uko kabla ya kisima cha kwanza, ukuta wa 3 uko baada ya kisima cha tatu, na ukisema [0:3] umeagiza vilivyo kati ya kuta hizo mbili. Ukiiona hivyo haikuchanganyi tena.

Sababu ya kulikazia ni kwamba mafaili yetu wenyewe yamegawanyika vivyo hivyo. Faili la GFF, linaloeleza jeni ziko wapi kwenye jenomu, huhesabu visima. Faili la BED, la kazi kama hiyo, huhesabu kuta. Jeni iliyoandikwa 101 hadi 200 kwenye GFF itaandikwa 100 hadi 200 kwenye BED, na zote mbili ni jeni ileile yenye herufi 100. Ukichanganya, hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Programu itaendelea kwa furaha, ila umesogea herufi moja, na herufi moja ikisogea kodoni zote zinabadilika na protini unayoisoma si protini. Kosa linalopiga kelele ni rafiki. La kuogopa ni hili lisilosema kitu. Ndiyo sababu kila ninapokata kipande cha jeni, hukitafsiri na kuangalia kama kinaanza na methionini, ambayo protini huanza nayo, na kama hakina alama ya kusimama katikati. Ni ukaguzi wa nusu dakika, na ni wa mwanabiolojia, si wa fundi wa kompyuta.

Hili lawahusu pia wanaotumia programu za akili unde kuwaandikia msimbo. Mimi hutumia, na kwa anayeanza zinasaidia sana kueleza ujumbe wa kosa. Lakini zitakuandikia msimbo unaokimbia vizuri na uliosogea herufi moja, na wewe ndiye utakayeweka jina lako juu ya matokeo.

Basi ipi? Kwa watu wengi ninaowajua hapa pwani, wanaofanya uvuvi, matumbawe, mikoko, wadudu wa shambani, vijidudu vya udongo, namwambia mtu aanze na R. Kwa anayefuatilia virusi na vimelea, aanze na teminali na Python. Na kuna jambo linaloshinda yote hayo: kama anayekaa meza ya pili anatumia Python na yuko tayari kukuonyesha, jifunze Python. Kukwama dakika tano ukiwa na mtu wa kumuuliza, na kukwama siku tano peke yako, ni safari mbili tofauti kabisa.

Lugha ya pili itakuja yenyewe. Nilipoijua R vizuri, Python ilinichukua wiki chache kuisoma bila woga, maana vitanzi, orodha na majedwali ni yaleyale kwa lahaja nyingine. Ukijua Kimvita, Kiamu hakikupotezi.

Laptopu yako au seva ya wengine

Hili lategemea kiumbe unachokisoma. Jenomu ya E. coli ina herufi milioni 4.6. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina takriban milioni 23 katika kromosomu 14. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 inawamudu wote wawili, na mifuatano mifupi ya kutambua spishi inaimudu bila kutoka jasho. Binadamu ana herufi bilioni 3 na ushei, na programu kama STAR ikimshughulikia hutaka RAM ya takriban gigabaiti 30. Hapo usiitese laptopu. Ama tumia Galaxy, ama omba nafasi kwenye seva ya chuo au taasisi.

Seva ina baraka nyingine ambayo mkazi wa Mombasa ataielewa haraka. Ukiendesha kazi ya saa sita kwenye laptopu na stima ikapotea saa ya tano, betri ikifa kazi nayo imekufa. Ukiiendesha kwenye seva ndani ya programu iitwayo tmux, kazi inaendelea kule hata kwako kukiwa giza. Stima ikirudi unaingia tena, unaikuta ilipofika. Nilijifunza tmux kwa jioni moja na sijui nilikuwa nikiishi vipi kabla yake.

Wa virusi wana njia ya tatu ya pembeni. Jenomu ya virusi vya korona vya SARS-CoV-2 ina herufi 29,903 tu, na tovuti ya Nextclade huichambua ndani ya kivinjari chako chenyewe, mfuatano usitoke kwenye kompyuta yako. Ni mlango mzuri sana wa kuingilia, na kazi ya aina hiyo si ya mbali: watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walisoma jenomu za virusi hivyo kutoka pwani yetu tangu 2020, palepale Kilifi.

Peke yako au darasani

Kusoma peke yako kunatosha kama unataka kuchambua data yako mwenyewe. Kama unataka kuwa mtu anayechambua za wengine, na hiyo ndiyo iwe kazi, digrii ina maana. Kwetu iliyo karibu ni uzamili wa bayoinfomatiki wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka hapa, matatu ya kupita Mtwapa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kinafundisha. Digrii hukupa kitu ambacho video hazitoi: msimamizi wa kukuuliza kwa nini, na wenzako waliokwama ulipokwama.

Katikati ya njia hizo mbili kuna masomo ya bure yenye mpangilio. Mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika, H3ABioNet, ulianzisha 2016 kozi ya miezi mitatu ya utangulizi, iliyokuwa ikifundishwa kwa pamoja kwenye madarasa ya nchi nyingi za Afrika. Masomo ya Carpentries, mradi wa kufundisha watafiti kompyuta, kuhusu jenomu hutumia data halisi ya bakteria kutoka jaribio la mageuko lililoanzishwa na Richard Lenski 1988, na hukutoa kwenye teminali tupu hadi kwenye orodha ya mabadiliko ya DNA. Na tovuti ya Rosalind, iliyopewa jina la mtafiti wa DNA Rosalind Franklin, hukupa mafumbo madogomadogo ya biolojia ya kutatua kwa msimbo: hesabu herufi, geuza DNA kuwa RNA, tafuta kipande ndani ya kipande. Kama ningeanza na Rosalind badala ya kikokotoo cha riba, nisingepoteza ule mwaka.

Nikilinganisha kwa gharama, kozi ya kulipia ya mtandaoni ndiyo ningeiweka mwisho. Si kwa sababu zote ni mbaya. Ni kwa sababu za bure zilizopo zimeandikwa na watu wanaofanya kazi hii kila siku, na pesa hiyo ingekufaa zaidi ukiongeza RAM.

Alichochagua yeye

Tulimaliza kahawa, tukalirudia swali lake: samaki gani, na je, mikoko inatofautiana na matumbawe. DNA yake ilikuwa ya kipande kifupi cha jeni ya 12S, inayosaidia kutambua spishi za samaki, herufi zipatazo 170, kwa hiyo laptopu yake ya gigabaiti 8 ilitosha. Kusafisha vipande kungefanywa na DADA2, pakeji ya R. Kulinganisha vituo ni takwimu za ikolojia, R tena. Na kwenye maabara yake kuna kaka mmoja anayejua R. Nikamwambia: wiki moja Galaxy na sampuli mbili tu, wiki mbili teminali, kisha R na usitazame pembeni kwa miezi mitatu.

"Na Python?"

"Ipo. Haitakimbia, mdogo wangu."

Wiki ya nane alinipigia usiku, kaskazi inavuma na madirisha yote wazi. Alikuwa amefika kwenye jedwali lake la kwanza, spishi kwa vituo, na sauti yake haikuwa ya furaha.

"Dada, zile chupa nne za maji yaliyosafishwa. Moja ina tafi."

"Ina tafi wangapi?"

"Vipande elfu mbili na kitu. Na kwenye vituo vitatu vya mikoko pia wako tafi, ila wachache kuliko hapo. Msimbo nimeupitia mara mbili, haukukosea. Nafikiri ni pale tulipochuja. Nina daftari hapa, naangalia chupa ile ilichujwa baada ya ipi."

Nikamsikia akifunua kurasa.

"Baada ya ile ya sokoni," akasema. "Ile tuliyochukua penye ngazi, wanapooshea samaki."